Poti ya Abigail

Adela alikuwa afisa afya, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa vyoo. Alizunguka vijiji vya Ipyana na Ikolo kwa pikipiki, akiingia kwenye nyua za watu kuuliza wanajisaidia wapi, na watu wazima wenye wajukuu walimjibu kwa adabu. Mzee mmoja mkaidi wa Ipyana, aliyeapa kwamba migomba ilimtosha baba yake na itamtosha yeye, alikuwa sasa na choo chenye mlango na bomba la hewa, na alikionyesha kwa wageni kabla hawajakaribishwa kiti. Lakini nyumbani kwake mwenyewe, Kyela mjini, Adela alikuwa na binti anayekaribia miaka mitatu ambaye hakuna aliyeweza kumkalisha kwenye poti.

Poti yenyewe ilikuwa ya plastiki, ya buluu, ina masikio mawili ya sungura ya kushikia. Abigail aliipenda sana. Alipikia ndani yake ugali wa mchanga, alimwogeshea humo mwanasesere wake, na siku moja aliivaa kichwani ikagoma kutoka mpaka ilipopakwa mafuta ya kula. Kukaa alikaa pia, akiwa na nguo zake zote, ametulia kama mwenyekiti wa kitongoji. Alipovuliwa nguo tu, aliinuka akaelekea migombani. Alipozuiwa, alibana mpaka mama yake ageuke kufunika sufuria, kisha akamaliza haja yake sakafuni na kuja kutoa taarifa.

"Mama, pale kuna maji."

Mambo yangeweza kwenda hivyo kwa muda, ila Felista, dada aliyekuwa akimlea, aliaga kwenda kuolewa Tukuyu. Karibu na kanisa palikuwa na chekechea ya Mwalimu Nancy, mama mpole ambaye alikuwa na masharti mawili tu: mtoto aweze kutaja jina lake, na awe ameacha pampasi. Jina Abigail aliliweza, pamoja na la baba yake na la mbuzi wa jirani. Sharti la pili ndilo lililomnyima mama yake raha.

Wakati huohuo mvua zilizidi, mto ukavunja kingo, na maji yakaingia uani kwa baba mkwe wake kule Ikolo. Mumewe Adela, Lameck, fundi wa injini za meli, alikwenda kumchukua. Mzee Ambwene akashuka kwenye bajaji akiwa na gunia la mchele lililolowa chini, mwavuli mweusi, na jogoo kwapani. Alipewa chumba cha uani, na kuanzia siku hiyo Adela akaanza kutembea ndani ya nyumba yake kama mtu anayejificha.

Mzee Ambwene alishika desturi ya zamani ya Wanyakyusa, ile ya baba mkwe na mkamwana kutokutana uso kwa uso, kutoketi pamoja, wala kusemeshana. Wengi Kyela wameilegeza siku hizi. Yeye hakuilegeza. Kabla ya kutoka chumbani alikohoa mara mbili, ili Adela apate nafasi ya kuingia jikoni. Chakula kiliwekwa kwenye stuli mlangoni pake, na aliyekiweka akaondoka. Maneno yote yalipita kwa Lameck.

Adela alikuwa Mhaya wa Muleba. Kwao mkamwana humpigia baba mkwe magoti, humpokea fimbo, humuuliza habari za ng'ombe. Miaka yote ya ndoa yake alimjua baba yake Lameck kwa kikohozi na kwa kisogo.

"Baba yako hanipendi," alimwambia mumewe.

"Anakuheshimu," Lameck alisema. "Angekuwa hakupendi, angekusalimia."

Haikupita wiki, Lameck akaitwa kazini. Meli ilikuwa na safari ya kwenda Mbamba Bay, na injini yake haikuaminika bila yeye. Akapanga nguo zake kwenye begi huku Adela amesimama mlangoni.

"Sasa mimi na baba tutaongeaje?"

"Mtamtuma Abigail."

"Abigail anamwita jogoo shangazi."

"Atazoea," Lameck alisema, akafunga zipu.

Mchana, Adela alipokuwa kazini, mzee alimwangalia mjukuu wake. Jioni mama aliporudi, mzee alikohoa, akaingia chumbani. Mpango ulikwenda vizuri mpaka asubuhi ya buti. Mzee Ambwene alikuwa na mabuti yake ya mvua, aliyoyaacha kila siku nje ya mlango, na asubuhi hiyo alitumbukiza mguu wa kulia, akatulia. Adela alimwona kupitia dirisha la jikoni akiwa amesimama kwa mguu mmoja, ameshika fremu ya mlango, akitafakari.

"Abigail," mzee alisema, kwa sauti ya kufika jikoni, "mwambie mama yako, mvua ya leo imenyesha mpaka ndani ya buti."

Adela alishika kichwa. Kisha naye akapaza sauti. "Abigail, mwambie babu mama anaomba radhi sana. Aliache hapohapo, litaoshwa."

"Mwambie mama, mtoto ana shabaha."

Abigail alikuwa katikati ya ua, ana kipande cha ndizi ya kuchemsha mdomoni. Hakupeleka ujumbe wowote. Haukuhitaji kupelekwa. Yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza tangu Adela aolewe, na yeye aliyakumbuka njia nzima ya kwenda Ipyana, akacheka peke yake juu ya pikipiki.

Baada ya hapo waliendelea vivyo hivyo. Mzee aliongea na mtoto ili mama asikie, na mama aliongea na mtoto ili mzee asikie. Abigail alipolala, kila mmoja aliongea na jogoo. "Wewe jogoo," Adela angesema akipepeta mchele, "sijui kama babu huwa anakula maharage yenye nazi." Na kutoka chumba cha uani kungesikika, "Jogoo, sema anakula."

Kuhusu poti, mzee hakuwa na msaada. Alikuwa na watoto, lakini walikua mikononi mwa mama yao, na alipoulizwa kupitia jogoo walifundishwaje, alijibu kwamba siku moja aliwakuta tu wamejua. Hata hivyo alijaribu. Alimwahidi Abigail muwa. Abigail akala muwa wote, akaenda migombani.

Ilikuwa Jumamosi mchana, jua limetoka baada ya siku nyingi, na Adela alikuwa amefua. Khanga zilijaa kwenye kamba zikagawa ua katikati. Upande huu Adela alikaa kwenye kigoda, Abigail yuko mbele yake juu ya poti, amevuliwa na amenuna. Upande wa pili mzee alikuwa akinoa panga. Alisikia mjukuu wake akiguna kwa hasira, akaona amtulize.

"Abigail, babu alipokuwa kijana alilinda mpunga Ikolo," alianza. "Nilijengewa dungu, lile kama meza ndefu ya miti, nikae juu nipige debe ndege waondoke. Asubuhi moja nageuka, naona kiboko. Ametoka ziwani, anakula mpunga wetu kama ameupanda yeye."

Abigail aliacha kununa.

"Nikapiga debe. Kiboko akanitazama. Nikapiga tena, kwa nguvu. Basi akaja. Nikajua sasa nimekwisha. Akafika mpaka chini ya dungu, akageuka, akaanza kujikuna mgongo kwenye nguzo. Kru, kru, kru. Dungu linakwenda huku, linakwenda huku, na mimi nimelikumbatia debe."

"Kru, kru," Abigail alisema kwa sauti ndogo, na hapohapo Adela akasikia maji yakigonga plastiki.

Hakuthubutu kupumua. Yalipokatika, akainama akachungulia kama mtu anayechungulia kisima. Kisha akampigia mtoto makofi, akambusu paji la uso. Abigail alijitazamia mwenyewe, akaridhika na alichokiona, akainua poti kwa masikio yake mawili na kupita chini ya khanga kabla hajazuiwa.

"Babu, zawadi."

Upande wa pili panga liliacha kunolewa.

"Ndaga," Mzee Ambwene alisema. "Ndaga fijo, mjukuu wangu. Asante sana. Iweke hapo, mbali kidogo na panga."

Adela alidhani kazi imekwisha. Ndipo alipoujua ukubwa wa alichokipata. Tangu siku hiyo Abigail alikubali poti, ila kwa namna aliyoikubali mara ya kwanza: mama mbele kwenye kigoda, khanga kwenye kamba, babu nyuma ya khanga, na kiboko. Kikikosekana kimoja, anabana. Adela alijaribu kusimulia kiboko mwenyewe. Abigail alimsikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Huyo siye." Basi alfajiri kabla ya kazi, na jioni baada ya kazi, na mara nyingine katikati ya chakula, mtu mzima mwenye shahada na mzee mwenye mvi walikaa pande mbili za nguo zilizokauka zamani, mmoja akiigiza kiboko anayejikuna.

Na kisa nacho kilikuwa na tatizo. Mzee alikimalizia kila mara palepale. Kiboko anajikuna, jua linapanda, kijana Ambwene yuko juu na debe lake, hathubutu kushuka. Kisha, "Basi, kiboko akaondoka."

Mtoto anayefundishwa poti ana jambo moja tu kichwani. "Babu, ulibanwa?" Abigail aliuliza siku moja.

Mzee alikohoa. Kikohozi hicho Adela alikijua, kilikuwa cha kumwomba mtu apishe. "Kiboko akaondoka," alirudia.

"Ulikojoa?"

"Abigail, tazama ndege yule."

Adela, nyuma ya khanga, aliuma midomo. Alimhurumia. Mwanamume ambaye hakutaka mkamwana wake amwone hata akinywa chai angeanzaje kueleza mbele yake jambo kama hilo? Akamsaidia kwa kumfuta mtoto pua na kuanza kuimba. Lakini Abigail hakusahau. Aliuliza kesho yake, na kesho kutwa, na kila alipojibiwa kwamba kiboko aliondoka, aliguna kama hakimu asiyeridhika na ushahidi.

Mwalimu Nancy alikubali kumpokea kwa majaribio, aje na poti yake. Siku ya kwanza Adela alimfikisha chekechea, akaona amekaa na wenzake anapaka rangi, akaondoka kwa kunyata. Alikuwa Ipyana katikati ya mkutano wa kijiji, anaeleza kina cha shimo la choo, simu ilipoita.

"Mama Abi," Mwalimu Nancy alisema, "huyu mtoto amebanwa mpaka anacheza. Poti ninayo hapa, hataki. Anasema mama akae hapa na kiboko akae kule. Mimi sijamwelewa."

Adela aliwaomba wanakijiji radhi. Alisema kuna dharura ya kikazi, jambo ambalo halikuwa uongo kabisa, akapanda pikipiki. Alipitia nyumbani kwanza. Mzee alikuwa chumbani, mlango umeegeshwa. Adela alisimama langoni, akageukia barabara, akapaza sauti.

"Jogoo, mwambie babu Abigail amebanwa shuleni, na anamtaka yeye."

Chumbani kitu kilianguka. "Jogoo," mzee alijibu, "mwambie mama atangulie. Navaa koti."

Chekechea ilikuwa katika mapumziko ya uji. Abigail alikuwa amekalishwa kwenye poti barazani, miguu imebanana, machozi yamesimama machoni. Watoto wengine walimzunguka na vikombe vyao wakimtazama kwa huruma na uzoefu. Adela alichuchumaa mbele yake, mabuti yana matope ya Ipyana. Mara bajaji ikasimama nje. Dereva, Sylvester, mwanamume mwenye ndevu za kijivu, alimshusha Mzee Ambwene katika koti lake la kanisani, na mzee akaja mpaka usawa wa baraza, akaona tatizo. Hapakuwa na kamba wala khanga.

Alifikiri kidogo. Akageuka, akawapa mgongo, akafungua mwavuli wake mweusi na kuuegemeza begani, ukawa ukuta kati yake na mkamwana wake. Kutoka kwenye mwavuli huo sauti ikaanza.

"Babu alipokuwa kijana, alilinda mpunga Ikolo."

Watoto wote walikaa chini. Hakuna aliyewaambia wakae. Mpunga ukaliwa, debe likapigwa, kiboko akaja, akajikuna, na baraza zima likasema kru, kru, kru. Abigail alikuwa na macho mekundu, amebana. Mzee akafika mahali pake pa kila siku.

"Basi, kiboko akaondoka."

"Babu," Abigail alisema, "ulikojoa?"

Watoto waligeuka kuutazama mwavuli. Mwalimu Nancy aliacha kugawa uji. Adela alitazama matope kwenye mabuti yake, akaomba kimoyomoyo chochote kitokee, hata mvua.

"Mtoto anaumia, baba," Sylvester alisema kutoka kwenye bajaji. "Mjibu tu."

Mwavuli ulitikisika kidogo.

"Nilikojoa," Mzee Ambwene alisema.

"Wapi?"

"Nilibanwa tangu asubuhi. Jua limefika utosini. Kushuka sikuweza." Kisha akayatoa yaliyobaki kwa mkupuo, kama mtu anayemeza dawa chungu. "Nilimkojolea kiboko. Mgongoni. Akatulia. Nikafikiri sasa atanivunja na dungu langu. Kumbe alidhani ni mvua. Akafumba macho, akakaa hapo mpaka nilipomaliza. Ndipo akaondoka."

Kicheko kilichotoka pale kilifika kanisani. Uji ulimwagika. Mwalimu Nancy aliingia ndani ya darasa, akaonekana dirishani ameinamia dawati, mabega yanatikisika. Abigail hakucheka. Alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyepata jibu alilolingoja, na katikati ya kelele zote hizo akakojoa, kwa muda mrefu, uso umetulia.

Mvua halisi ilianza walipokuwa wanaondoka. Pikipiki Adela aliiacha kwa Mwalimu Nancy, na bajaji ilikuwa moja. Mzee alipanda nyuma na mjukuu wake, aliyelala kabla hawajatoka langoni. Adela alibanana mbele na Sylvester, na mzee akafungua mwavuli ndani ya bajaji, ukaziba nafasi yote kati yao. Jogoo alikuwa nyumbani na Abigail alikoroma, na hapakuwa na mtu wa kutumwa.

"Dereva," mzee alisema hatimaye, "mwambie mkamwana wangu, habari ya kiboko asiifikishe Ikolo."

Sylvester aligeuza shingo. "Mama, unaambiwa habari ya kiboko..."

"Nimesikia. Mwambie baba, watoto wote wanaikimbiza nyumbani sasa hivi. Ikolo itafika kabla hatujafika nyumbani."

"Baba, mama anasema..."

Lakini nyuma ya mwavuli kulikuwa na sauti ambayo Adela hakuwahi kuisikia. Ilianza kama kikohozi, ikakosea njia, ikawa kicheko. Mzee alicheka mpaka mwavuli ukagonga paa. Adela naye, aliyekuwa amejizuia tangu barazani, alishindwa, akacheka huku ameshika usukani wa watu, mpaka Sylvester akalazimika kusimama pembeni ya barabara.

"Mimi nimechoka kupeleka maneno ya watu wanaosikiana," Sylvester alisema. "Semezaneni wenyewe, mimi niendeshe."

Mvua ilipiga turubai.

"Pole kwa kukatishiwa kazi yako Ipyana," Mzee Ambwene alisema. Hakutaja dereva wala jogoo.

"Asante, baba," Adela alisema. "Pole na wewe kwa kuaibika."

"Ndaga, mwanangu."

Hakushusha mwavuli, na Adela hakugeuka. Lakini kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alijisikia ana baba mkwe.

Abigail, baada ya kulipata jibu lake, alipoteza hamu na kiboko. Wiki iliyofuata aliingia chooni peke yake na poti yake, akafunga mlango, na mama yake alipogonga akaambiwa, "Nenda." Babu alipojaribu kuanza hadithi nje ya mlango, naye aliambiwa, "Nenda." Wawili hao waliachwa uani na saa nzima ya jioni isiyo na kazi. Mzee alirudi kwenye stuli yake, Adela kwenye kigoda chake, khanga katikati, wakaongea habari za mpunga na za Muleba mpaka wali ukaungua.

Lameck aliporudi kutoka ziwani, alikuta maji Ikolo yanapungua na baba yake anajiandaa kwenda kuitazama nyumba yake. Aliweka begi chini, akaenda chumba cha uani kusalimia, kisha akaja jikoni akiwa na uso wa mjumbe.

"Baba anauliza kama utampa chumvi ya kubeba."

"Nimeshamjibu," Adela alisema. "Anataka na kiberiti."

"Umemjibuje?"

"Niko hapa, yuko pale. Masikio tunayo."

Lameck alirudi uani. Baba yake alikuwa amewapa kisogo, anafunga gunia.

"Baba, mke wangu anasema..."

"Nimemsikia," Mzee Ambwene alisema. "Wewe kaa unywe chai."

Lameck alikaa. Hakuwa na la kufanya. Abigail alipita mbele yake amebeba poti kwa masikio yote mawili, kwa hadhari, akielekea chooni kuimwaga, na alipomwona baba yake amenyoosha mkono kumsaidia, alimzunguka kwa mbali.